Naomba ushauri: kupiga picha ndege wa mtoni kwenye manyunyu

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilitembea kando ya Mto Mirongo kuelekea unakoingia ziwani. Mvua haikuwa ya kukimbia, ni yale manyunyu ya Mwanza yasiyokatika, wingu zito, viatu tope tupu. Lakini ndege walikuwepo! Mnandi kaanika mabawa juu ya jiwe (sijui anakausha nini kwenye mvua ile), yangeyange wawili, na mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujirusha majini kichwa chini.

Huyo mdiria ndiye kaninyima usingizi. Lenzi yangu ni ya kuvuta, 70-300mm, na ikifika 300 tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6. Nikiweka kasi ya 1/1000 ya sekunde picha inakuwa giza. Nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 inajaa chenga. Nikishuka 1/250, mabawa yote ukungu. Nako yangeyange wametoka doa jeupe, hakuna hata unyoya unaoonekana.

Mnaopiga ndege mvuani, mnaanza kuacha nini: kasi au ISO? Na weupe wa yangeyange mnaupunguzaje bila kuua mandhari?

La mwisho: kamera niliifunika mfuko wa plastiki, lakini nyumbani nikakuta lenzi ina mvuke kwa ndani. Jirani anasema niizike kwenye mchele. Naogopa vumbi lake. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijaharibu, lenzi yenyewe ya mtumba na hela sina nyingine.