Naenda Japani mwaka mmoja kusoma Kijapani, maisha ya kila siku yakoje?

binti_mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nipo chuo hapa Dar, nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, mwaka mmoja, kozi ya Kijapani. Naondoka mwishoni mwa Septemba. Viza inaendelea vizuri. Ninachotaka kujua ni siku inavyokwenda: mnakula nini, hela inatosha, darasani mtu haachwi? Mama anataka nibebe sembe kilo kumi. Baba mdogo anasema nikifika tu nitafute kazi, nimtumie hela ya bodaboda. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo suala la chakula nauliza kwa dhati. Kijapani changu kwa sasa ni kile cha kusoma maandishi kwenye milango ya Hiace za Mbagala.

kaka_sinza
Hahaa, Hiace ndiyo chekechea yenyewe, endelea nayo.

Mdogo wangu, nilikwenda kwa mpango kama wako. Matamshi yasikutishe. Sisi ka, ki, ku, ke, ko tumezinyonya kwa mama, wenzangu wa Ulaya walikuwa wanatoka jasho. Mwalimu akanisifu, nikatembea kifua mbele wiki nzima, kisha zikaja kanji, zile herufi zilizotoka Uchina. Hapo Mchina anasoma tangazo zima hata kama hajui kulitamka, wewe unakodoa macho tu. Zile za matumizi ya kawaida ni 2,136. Hiragana na katakana, zile herufi za silabi, 46 kila moja, zimalizie hapa hapa Dar. Usizipeleke zikiwa nusu.

Asubuhi darasa, na majaribio madogo ya maneno hayaishi. Mchana mgahawa wa chuo, bei yake nafuu. Jioni ni kuandika kanji hadi kidole kiote sugu.

Wiki za mwanzo ni makaratasi. Ukishapata makazi una siku 14 kuandikisha anwani manispaa, nenda na kadi yako ya ukaazi. Hapo hapo unajiunga na bima ya afya ya taifa, ukiugua unalipa asilimia 30 ya gharama. Waeleze kuwa huna kipato, mchango unaweza kupunguzwa.

Taka nazo zina ratiba: za kuchomwa siku yake, chupa siku yake. Ukichanganya, mfuko unaachwa palepale na karatasi ya onyo, mtaa mzima wanauona.

Baba mdogo mpe pole. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi mpaka upate kibali, na ukikipata mwisho ni saa 28 kwa wiki. Viwanja vikubwa vya ndege unaweza kukiomba siku unayofika, omba tu. Ila kwa Kijapani cha Hiace nani atakuajiri muhula wa kwanza? Bodaboda isubiri.

ummu_ilala
Mdogo wangu, herufi hii ikariri kabla ya zote: 豚. Ni nguruwe. Utaikuta hata kwenye supu na biskuti usizozidhania. Mirin, kile kiungo kitamu cha maji cha kupikia, nayo ina kilevi, na inatiwa kwenye michuzi mingi. Samaki, mayai na wali vitakubeba. Ukiwa Tokyo, maduka ya halali yapo Shin-Okubo, na msikiti wa Tokyo Camii upo. Ukipangiwa mji mdogo, utaagiza mtandaoni.

Mama mwambie kilo hizo ni za makoti. Pita mitumba ya Karume, Desemba kule si mchezo. Ugali wengi wetu tunasonga wa semolina. Nyama usibebe hata ya kukausha, wanaichukua uwanjani. Birika la umeme nalo liache, umeme wao ni volti 100, mdogo kuliko wetu.

binti_mbagala
Shukrani sana kaka, na dada yangu. Mama nitamsomea hii leo. Sasa yeye hupiga simu akishaswali Isha, je, nitakuwa macho?

kaka_sinza
Wametutangulia saa sita. Saa mbili usiku yenu, kule ni saa nane usiku. Mwambie apige baada ya Adhuhuri, utakuwa umetoka darasani.

ummu_ilala
Na nywele, mbona huulizi? Suka siku mbili kabla ya safari, beba rasta za kusukia tena, na ujifunze kujisuka mwenyewe. Saluni za nywele zetu kule ni chache, na bei yake utalia.