Msaada wa haraka: Insta ya kampuni haitokei kwenye websaiti, mnunuzi Mjerumani anaiangalia Jumatatu

BintiIlomba: Habari za jioni wakuu. Nimekwama. Nipo kampuni ndogo hapa Mbeya, tunauza kahawa ya Mbozi ya kukaanga na mchele wa Kyela kidogo, websaiti tunayo, sasa bosi anataka profaili yetu ya Insta ionekane palepale mwanzo, yaani mtu akifungua tu anakutana na picha zetu na idadi ya wafuasi. Kodi (code) ya kuipachika nimebandika, nimesevu, linatokea boksi jeupe na maneno ya kizungu kwamba huenda kiungo kimevunjika au posti imeondolewa. Nimerudia mara sita. Jumatatu kuna mnunuzi wa Ujerumani ataiangalia kabla hajaagiza sampo. Nakosea wapi? Naomba majibu leo leo.

MbaoMafinga: Kodi umebandika au umelipa? Nenda TRA watakusaidia hahaha

FundiKabwe: Dada, maswali mawili. Akaunti ipo wazi au imefungwa? Iliyofungwa haipachikiki popote, utabandika mpaka asubuhi. Pili ni ya biashara au binafsi, maana kama unatumia plagini (kiprogramu cha kuongezea kwenye websaiti), tarehe 4 Desemba 2024 Meta, wenye Insta na Facebook, walizima ule mlango ambao akaunti binafsi zilikuwa zinapitia, sasa hivi plagini zinavuta za biashara na za kreeta (watengeneza maudhui) tu. Jaribu na brauza nyingine pia, Firefox ukiiweka ulinzi mkali inazuia hivi vitu hata kama kila kitu kiko sawa.

MzeeMakambako: Haya mambo yana hatari yake. Mimi nina duka la pembejeo, kijana mmoja aliniwekea ukurasa wa Facebook kwenye websaiti, ukakaa vizuri, mimi msimu wa mahindi ukanibana nikaacha kuposti. Posti ya mwisho ilikuwa rambirambi ya jirani yangu, ikakaa pale juu na picha ya mshumaa miezi 14. Mteja wa Songea akafungua akaona duka langu na mshumaa, akampigia mke wangu kumpa pole. Mke wangu nae badala ya kukanusha akauliza "umeambiwa na nani".

BintiIlomba: Pole mzee. FundiKabwe asante, ni binafsi, na imefungwa kidogo.

FundiKabwe: Kidogo ndo vipi, hiyo ni akaunti sio dirisha la choo. Ingia kwenye settings ufungue, ugeuze iwe ya biashara, ni bure, dakika tatu.

BintiIlomba: Kuingia kwa sasa hivi siwezi ndo maana nauliza kama kuna njia ya kuionyesha bila kuingia.

KamweneIringa: Kamwene wapendwa. Paswedi anayo nani?

KamweneIringa: Dada upo?

BintiIlomba: Nipo, nilikuwa jikoni. Msinihukumu. Paswedi anayo kijana aliyekuwa anatupostia, aliondoka Januari. Aliifungua kwa namba yake na imeili yake, wakati ule hatukufikiria. Anadai miezi mitatu, ila hakuwa mwajiriwa, alikuwa anapewa ya bando na nauli. Picha ni zetu, kahawa yetu, wafuasi elfu 11 wa kwetu. Na sio kwamba nimekaa tu, kuna fundi nimeshampa laki na nusu apige skrini shoti azipange pale zionekane kama Insta yenyewe, ukibonyeza haziendi popote. Jumatatu ikipita tutajua mbele. Mi sioni ubaya.

FundiKabwe: Ubaya ni kwamba mtu yeyote akiona picha ya Insta anaibonyeza, ni mkono tu. Haiendi, anatafuta jina mwenyewe, anakutana na kufuli. Na hata huyo kijana angekubali kufungua leo, profaili ukiipachika inakuwa dirisha ambalo pazia analishika yeye. Jumatatu saa mbili asubuhi akiposti "hawa hawalipi watu", inasomeka kwenye websaiti yenu, chini ya nembo yenu. Fungueni akaunti mpya ya biashara kwa imeili ya kampuni, wekeni picha tisa za maana, ndo upachike. Ukitaka Facebook weka ukurasa sio profaili ya mtu, ile plagini yao upana ni piseli 180 mpaka 500, ukizidisha haitanuki.

BintiIlomba: Mpya itaonyesha wafuasi sifuri. Nani anunue kahawa kwa sifuri?

MbaoMafinga: Mjerumani mara ya mwisho kuja huku bila kuangalia vizuri ilikuwa Lugalo 1891, Mkwawa akamfanyia kazi. Huyu wa sasa ndo maana anaanzia websaiti hahaha

KamweneIringa: Tunacheka ila kuna mtu hajalipwa. Mlipeni dada, bando na nauli miezi yote hiyo huku anawajengea wafuasi elfu 11 sio haki, hata Mungu anaona. Alafu Wajerumani wana macho na haya mambo, kuna duka la nguo la mtandaoni la kwao, Fashion ID, lilifikishwa mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya kwa ajili ya kitufe cha Like cha Facebook tu, Julai 2019 ikaamuliwa mwenye websaiti anabeba wajibu pamoja na Facebook kwa taarifa za wageni zinazokusanywa na kutumwa huko. Na sisi sheria ya taarifa binafsi tunayo, ya 2022, imeanza kazi Mei 2023. Hao wakulima kwenye picha mliwaomba?

BintiIlomba: Nimeuliza boksi jeupe jamani, mmefika mahakamani.

ChaiTukuyu: Ugonile wote. Mimi natoka Tukuyu, chai naijua kwa harufu, na huu uzi ni chai, yaani wa kutunga. Mtoa mada kajiunga jana. Mwezi uliopita kulikuwa na uzi kama huu huu, ila ilikuwa parachichi za Njombe na mnunuzi Mholanzi. Na jiulizeni, akaunti imefungwa na paswedi hana, hiyo kodi aliitoa wapi?

MbaoMafinga: Eeeh

FundiKabwe: Hapo kwenye kodi ana hoja.

BintiIlomba: Ya Njombe siijui. Kodi aliiweka yule kijana Novemba, ikawa inaonyesha vizuri tu, alivyofunga akaunti ndo ikawa nyeupe. Mimi nimeitoa nikairudisha.

ChaiTukuyu: Kumbe ilikuwepo! Mwanzo si ulisema bosi ndo anataka iwekwe sasa? Alafu mfanyakazi gani anatoa laki na nusu mfukoni kwake, na anagoma kulipa mshahara wa mwenzake? Bosi ndo wewe.

BintiIlomba: Haya, kampuni ni ya kwangu. Sasa boksi litaacha kuwa jeupe?

FundiKabwe: Halitaacha, ila tungeokoa masaa manne. Jina mmelisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara?

BintiIlomba: Jina la biashara ndio.

FundiKabwe: Alama ya biashara ni kitu kingine. Ungekuwa nayo ungejaza fomu ya Meta kulalamika, ila nayo sio ya wikiendi. Kwa Jumatatu toa boksi lote, weka picha zenu za kawaida na kialama cha Insta mpya kinachofunguka. Hakuna anayehesabu wafuasi kama kahawa anaiona.

MzeeMakambako: Binti, huyo kijana anadai jumla shilingi ngapi?

BintiIlomba: Laki nne na nusu.

MzeeMakambako: Na wa skrini shoti ana laki na nusu tayari. Mwambie arudishe, umpe kijana ya mwezi mmoja muanze kuongea.

BintiIlomba: Huyo fundi toka mchana hapokei simu.

MzeeMakambako: Hiyo kahawa kilo mnauzaje? Mwanangu anapita Mbeya Ijumaa.