Bao kwa watoto wanaoogopa hesabu: tulipunguzeje?

Mwl_Pwani: Wakuu, Jumamosi tunakusanya watoto 20 wa darasa la 2 na la 3. Bao kamili, mashimo 32 na kete 64, linawachosha. Tuanze na lipi?

FundiKete: Chimba mchangani safu 2 za mashimo 6, kila shimo kete 4, jumla 48. Mtoto anachota shimo lake, anasambaza mojamoja kuelekea kulia, kisha anazunguka upande wa mwenzake. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lake tupu, anakula zilizo mkabala. Safu moja ikikauka, kila mmoja anahesabu alizokula pamoja na zilizobaki kwake.

Hesabu yenyewe iko hapa: kabla ya kuchota, ataje kete ya mwisho itaangukia wapi. Kete 5 kutoka shimo la 3 zinaishia la 8, yaani la pili kwa mwenzake. Wengi watasema la 7, kwa sababu wanahesabu na shimo walilochota. Usimsahihishe, mwache asambaze, aone mwenyewe. Aliyebashiri sawa apate pointi hata akishindwa mchezo.

Mwl_Pwani: Kokoto zinafaa?

Mama Komwe: Zikilingana. Zikitofautiana, mtoto anaona shimo lenye kokoto kubwa ndilo lenye nyingi. Komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe, ni bora. Mabao 10 yanataka kete 480, kwa hiyo anza kuokota mapema! Na watazamaji wasipayuke majibu (bao halikosi wapayukaji). Kila mmoja aandike namba yake mchangani kwanza.