Makro ya kikoba: nikiongeza wiki inakubali, nikiongeza mwanachama inagoma

Katibu_Kihonda:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikoba huku Kihonda, Morogoro. Kompyuta nilijifunzia steshenari nikichapa barua za watu, kwa hiyo mnivumilie.

Tupo 25. Kila Jumamosi mtu ananunua hisa moja hadi tano, hisa moja shilingi 5,000. Nilichoka kujumlisha kwa kikokotoo huku wenzangu wamesimama mlangoni wanataka kuwahi sokoni, nikaandika makro ya Excel, yaani programu fupi inayofanya kazi ndani ya Excel yenyewe. Inasoma shiti, inajaza arei ya pande mbili, yaani jedwali la kwenye kumbukumbu ya kompyuta (upande wa kwanza mwanachama, wa pili wiki), inaniuliza hisa za leo, kisha inarudisha kila kitu shitini. Namba nabadilisha kwa mkono kila kikao:

`Dim hisa() As Integer`
`ReDim hisa(25, 8)`
`ReDim Preserve hisa(25, 9)`

Mstari wa pili unatenga nafasi za arei, wa tatu ni wa kuongeza wiki ya leo, na wiki zote umepita bila neno. Jumamosi hii tumempokea mama mmoja muuza vitenge, tukawa 26. Nikaandika:

`ReDim Preserve hisa(26, 9)`

Kosa namba 9, "Subscript out of range". Mwanzo nilidhani hiyo 9 ni wiki ya tisa, nikahangaika nayo robo saa. Mwisho nikafuta neno Preserve, ikapita, nikashangilia. Kumbe imefagia kila kitu! Wanachama wote hisa sifuri, na sifuri hizo zimeshaandikwa shitini. Ctrl+Z haikurudisha kitu. Kikao kizima kinanitazama. Kilichoniokoa ni daftari.

Kwa nini wiki inakubali na mtu inamkataa?

bwana_kodi:
Excel mpaka leo? Hamia Python mkuu.

Katibu_Kihonda:
Kaka, hata laptop yenyewe ni ya kuazima.

fundi_makro:
Pole mheshimiwa katibu. Hujakosea kuandika, ndivyo VBA, lugha ya makro za Excel, ilivyo: ukiweka Preserve (yaani tunza yaliyomo), unaruhusiwa kubadilisha upande wa mwisho tu, tena kikomo chake cha juu tu. Kwako upande wa mwisho ni wiki.

Sababu iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Fikiria trei za mayai. VBA inapanga wanachama wote wa wiki ya kwanza kwenye trei moja, wiki ya pili kwenye trei inayofuata, wanakwenda hivyo. Wiki mpya ikija, unabandika trei juu ya nyingine, ya chini haiguswi. Mwanachama mpya akija, kila trei inadai shimo jipya, na mayai karibu yote yahame. Hiyo kazi Preserve haifanyi. Ukiitoa Preserve, unaletewa trei mpya tupu, na kwa namba utupu wake ni sifuri. Ndicho kilichokukuta. Na Ctrl+Z usiitegemee kabisa: makro ikishaandika shitini, Excel inasahau hatua za nyuma. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kuiendesha.

Sasa dawa. Mzunguko wenu kama ni wa wiki 52, vikao havitazidi 52, hilo unalijua tangu siku ya kwanza. Usichokijua ni watu. Basi geuza, watu wakae mwisho:

`ReDim hisa(1 To 52, 1 To 25)`
`ReDim Preserve hisa(1 To 52, 1 To 26)`

Ila mimi hata Preserve nisingeitumia hapo. Majina si tayari yapo shitini safu ya A? Hesabu kwanza, ndipo utenge nafasi mara moja:

`n = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row - 1`
`ReDim hisa(1 To n, 1 To 52)`

Hiyo -1 ni ya mstari wa vichwa. Mama wa vitenge ukimwandika tu chini ya orodha, arei inakuja na nafasi yake, na wewe huna namba ya kubadilisha.

mhasibu_tanga:
Naongezea mawili. Ukiandika `hisa(25, 8)` bila "1 To", VBA inaanza kuhesabu sifuri, yaani umetenga 26 kwa 9, nafasi 234 badala ya 200. Ukizunguka kwa lupu kuanzia 1 hutaona tatizo. Ila siku ukiimwaga arei yote kwa mpigo kwenye B2:I26, mstari wa sifuri unatangulia na mtu wa mwisho kwenye orodha anatoweka. Kwenye kikoba hiyo ni kesi.

La pili, Integer, aina ya namba uliyoitaja kwenye Dim, inaishia 32,767. Hisa zinaenea, fedha hazienei: hisa saba tu ni 35,000. Tumia Long au Currency, aina zinazobeba namba kubwa zaidi.

Katibu_Kihonda:
Nimerudi. Nimeshika ile ya kuhesabu kwanza, na Jumamosi imekubali wote 26. Fedha nilikuwa nazidisha kwa fomula shitini. Baada ya kusoma hapa nikajaribu ndani ya makro kwa Integer makusudi nione. Kosa namba 6, "Overflow", yaani namba imezidi nafasi, papo hapo. Sasa ni Currency.

Mwenyekiti bado hana imani. Alisoma daftari kwa sauti jina kwa jina, mimi nafuata kwenye skrini. Tulitofautiana hisa mbili za mtu mmoja. Tulirudia kuhesabu mara tatu, na daftari ndilo lililokosea: wiki ya nne, mwandiko wangu mwenyewe, 1 nimeiandika kama 3.