Simu za upepo hapa shambani zitakuja kuua mtu, mmoja anagomba wengine wote tumefungwa mdomo

Wakuu nimeshindwa kuvumilia. Niko shamba la mkonge huku Tanga, upande wa Muheza, jina naliacha maana bado nakula hapo. Tumeletewa simu za upepo mpya za dijitali tukaambiwa sasa mawasiliano yatakuwa safi. Safi gani!

Iko hivi, ukipiga kwa kundi, mfano walinzi, wanasikia walinzi tu na yeyote anabonyeza anajibu. Ila kuna ile ya kupiga kwa wote, inaingia kwenye redio zote za chaneli na anayesikia hawezi kuijibu, ni tangazo. Na mmoja akishashika kitufe wengine mkibonyeza inawalilia tiit ya kuwakatalia. Sasa fundi alokuja na kompyuta na waya wake kaweka hiyo ya wote kwenye kila redio mpaka ya kijana wa stoo, makundi hajagawa kabisa, korona (kule mkonge unakosagwa kutoa nyuzi), brashi (wanaosugua nyuzi), walinzi, madereva wa trekta, manyapara, wote chungu kimoja.

Basi kuna msimamizi kila asubuhi anashika kitufe anagomba. Nani kachelewa, dizeli imeenda wapi, mzigo wa jana mbona pungufu. Redio imewekewa ijikate baada ya dakika moja, ikikata anaachia anabonyeza tena.

Jumanne mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi tela likalala mtaroni na mzigo wake na kijana akabanwa mguu. Dereva anabonyeza, tiit. Anabonyeza, tiit. Mwenzetu analia pale chini huku redio inatusomea habari za madumu ya dizeli!! Simu za mkononi bondeni kule hazishiki, ikabidi mtu atoke mbio kwa miguu mpaka korona, gari linafika karibu nusu saa imeshapita. Mguu umevunjika. Yule kijana kazi nilimwombea mimi, mama yake ananipigia kila jioni na sina cha kumwambia.

Na kile kitufe cha machungwa cha dharura pale juu karibu na antena, dereva alikibonyeza pia, kimya. Kumbe hakijasetiwa.

Nimemfuata msimamizi kwa heshima zote, ananiambia redio ni za kazi siyo za kupigia kelele. Mtu kubanwa na tela kazini siyo kazi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo, tena haina gharama kubwa. Ripita yetu, ule mtambo unaopokea sauti za redio na kuzirusha mbali, ni ya DMR, yaani mfumo wa redio za dijitali, inabeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, sloti 1 na sloti 2, sisi tumerundikwa kwenye moja. Madereva na walinzi wahamishiwe ya pili wapewe kundi lao, tangazo la wote libaki redio ya ofisini tu na liwe maneno mawili matatu mtu anaachia, na kitufe cha dharura kifanye kazi kwenye kila redio bila kubagua.

Ijumaa tuna kikao. Mwenye kuzijua hizi redio aniandikie hapa kabla ya siku hiyo nimuulize nini huyo fundi, maana safari hii hatoki mpaka tumejaribu kila kitufe mbele yake.