Nililalamikia ubaguzi wa rangi kazini, nikaandikiwa barua ya kujieleza

Mhandisi wa South B:
Nimefanya kazi kwa miaka 6 katika kampuni moja hapa Nairobi. Mwaka jana aliajiriwa Mzungu mwenye shahada kama yangu na uzoefu mdogo kuliko wangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza kazi, lakini mshahara wake ni zaidi ya maradufu ya wangu. Nilimwandikia meneja nikiuliza sababu, na baada ya siku 9 nikaletewa barua ya kujieleza kwa kosa la kuchelewa, ingawa sijawahi kuonywa. Hakuna aliyenitamkia neno lolote la kibaguzi. Nitathibitishaje?

Wakili wa Ajira:
Wabaguzi wachache mno hutamka. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa rangi, kinadai ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Hata hivyo, usiende mahakamani Milimani mikono mitupu ukitegemea hilo, kwani jaji atataka kwanza uweke msingi: unajilinganisha na nani, kwa kazi gani na kwa malipo yapi. Mwajiri akidai kwamba mwenzako ana ujuzi adimu, ushahidi kwamba wewe ndiye uliyemfunza utamtia taabuni.

Kuhusu kisasi, kifungu cha 46 kinasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu kazi wala ya kumpa adhabu ya kinidhamu, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo na yasiyo na msingi. Zile siku 9 zina uzito mkubwa.

Mwakilishi wa Chama cha Wafanyakazi:
Ndugu, ijibu barua hiyo kwa maandishi kabla muda haujaisha, hata kama imekuudhi, na uombe rekodi za mahudhurio za idara nzima, maana huenda wengi walichelewa ukaandikiwa wewe peke yako. Orodha ya mishahara usiichomoe kwenye kompyuta ya ofisi. Utakuwa umewapa kosa walilokuwa wakilitafuta.

Mhandisi wa South B:
Mwenzangu alinitajia mshahara wake kwenye WhatsApp. Je, mazungumzo hayo yatafaa kama ushahidi?

Wakili wa Ajira:
Yatafaa, ila yaambatanishe na cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na simu yenyewe usiiuze.