Mililita 5 ZA NINI? Kemisti na daktari, mtatumalizia watoto

Wadau, sijalala vizuri tangu Jumatatu, kwa hivyo mtanivumilia nikipayuka.

Mtoto wangu ana miezi minane na kilo 8 kamili kwa mizani ya kliniki. Jumatatu aliamka na homa, kifua kinakoroma, titi halitaki. Mama yake akampeleka kituo cha afya cha serikali huku Eastlands, Nairobi. Alipanga foleni kutoka asubuhi hadi saa nane, ndipo akaambiwa ni nimonia, ila si ile ya kulazwa. Akaandikiwa dawa mbili. Dirisha la dawa likampa jibu mnalolijua nyote: hakuna, nunua nje.

Sasa itazameni hiyo karatasi. Dawa ya kwanza ni amoksisilini, vile vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5. Hapo sina neno. Ya pili, parasetamoli ya homa, imeandikwa hivi: "PCM 5 ml x 3". Basi. Hakuna miligramu, hakuna chochote kinachoonyesha dawa yenyewe ina nguvu gani. Mililita 5 za nini? Za uji?

Mke wangu hufanya kazi zamu ya usiku, kwa hivyo aliyeenda kemisti jioni ni mimi, mvua inanyesha, viatu vimejaa matope. Kijana wa pale akasoma karatasi kwa sekunde tatu. "Za kuyeyusha hatuna bosi, nitakupa ya maji. Ni ile ile tu." Akaniwekea chupa ya unga wa kuchanganywa na maji. "Na sirapu ya homa imeisha, lakini kuna hii ya watoto wadogo kabisa. Ni ile ile." Hii ya pili ni kachupa ka mililita 15, ya matone. Akabandika kikaratasi cha kemisti juu ya kila chupa, akaandika kwa kalamu: 5 ml x 2 kwenye ile ya unga, 5 ml x 3 kwenye kale kadogo. Nikamuuliza nitapimia nini. Akasema kijiko cha chai.

Nyumbani tukawa mimi na mamangu, ambaye amekuja kutoka kijijini kutusaidia na mtoto. Ule unga ulinitoa jasho. Chupa ina mstari wa kuonyesha maji yafike wapi, lakini mstari wenyewe umechongwa kwenye plastiki, hauonekani hadi uinue chupa kwenye taa. Nikatia maji yaliyochemshwa yakapoa, nikatikisa, povu likapanda juu ya mstari, nikadhani nimezidisha. Kumbe povu likitulia dawa inashuka chini ya mstari na unatakiwa kuongeza maji tena. Nani alinionyesha? Hakuna. Kuichanganya ni kazi ya dakika mbili, na kijana alikuwa amekaa kwenye stuli akitazama mpira kwenye simu.

Saa tatu usiku nikampa mtoto kijiko kimoja cha ile dawa ya homa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mamangu alimshika pua ili ameze, ndivyo sisi tulivyolelewa. Nyingine ikamwagika shingoni, nyingine ikaenda. Homa ikashuka, tukashukuru Mungu, tukalala.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamka kumpa ya pili. Mamangu akachukua ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa simu, akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa wamekupimia ya siku moja?"

Nilisimama pale na kijiko mkononi. Chupa ya mililita 15, 5 mara tatu kwa siku. Inaisha leo leo. Nani huuza dawa ya homa ya mtoto inayoisha kwa siku moja? Nikaanza kukikwangua kile kikaratasi cha kemisti kwa ukucha, na chini yake, pale pale alipokibandika, kuna maandishi ya kiwanda: miligramu 100 kwa kila mililita 1.

Kwa wasiojua, kama mimi kabla ya juzi: sirapu ya kawaida ya parasetamoli ya watoto huwa na miligramu 120 ndani ya mililita 5. Hizo 5 kwa mtoto wa kilo 8 ni sawa. Lakini hii ya matone, mililita 5 ni miligramu 500. Ni kidonge kizima cha mtu mzima ndani ya mtoto ambaye hata kukaa bado anaegemea mito.

Tulifika hospitali kabla matatu hazijachangamka. Na jambo la kwanza nililoambiwa na yule wa kupokea wagonjwa, mtoto bado yuko begani kwangu: "Nyinyi wazazi mbona hamsomi lebo?"

LEBO GANI? Ile mliyoifunika?

Muuguzi aliyetuhudumia baadaye, Mungu ambariki, hakupiga kelele. Alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya kitabu cha kliniki mbele yangu. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo yake, kwa hivyo wetu ni 80 hadi 120 kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Sisi tulimpa karibu 62 kwa kilo. Akaniuliza alitema kiasi gani. Sijui. Kijiko kilikuwa kikubwa au kidogo? Sijui. Akaniambia mara moja ya kiasi hicho kwa kawaida haiharibu ini, hatari ni kurudia rudia, na ubaya wa parasetamoli ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima huku ini linaumia. Yaani ningempa kijiko cha pili, cha tatu, halafu kesho yake nikanunua kachupa kengine, na mtoto anatabasamu tu. Walimweka wakamwangalia hadi jioni. Tulirudi naye, anaendelea vizuri.

Alipotazama chupa ya pili ndipo nikaishiwa nguvu kabisa. Ile amoksisilini ya maji ilikuwa ya miligramu 125 kwa mililita 5. Daktari aliandika 250 mara mbili. Kwa hivyo ilipaswa kuwa mililita 10 asubuhi na 10 jioni, na kijana ameandika 5. Dawa ya homa zaidi ya mara nne ya kipimo chake, dawa ya nimonia nusu. "Ni ile ile tu bosi."

Nilirudi kemisti. Alinikumbuka. Akauliza, "Lakini mtoto si yuko sawa?" halafu akafungua droo anirudishie shilingi 150. Sikuzichukua. Nilimuuliza kama yeye ndiye mfamasia, akasema mwenyewe ametoka kidogo. Cheti kipo ukutani na picha ya mtu ambaye sijawahi kumwona pale mwaka wote.

Kabla hamjaanza kuniambia ningeuliza maswali: niliuliza. Niliuliza nipimie nini nikajibiwa kijiko cha chai. Jana nimevipima vijiko vya nyumbani kwangu kwa sirinji. Kimoja kinachukua mililita 4, kingine 6 na ushee, na vyote tunaviita kijiko cha chai. Sirinji yenyewe ya plastiki, isiyo na sindano, niliuziwa shilingi 20 kwenye kemisti nyingine. Kwa nini haipewi kila mzazi pamoja na chupa?

Na wewe daktari unayeandika mililita peke yake, usijifiche nyuma ya kijana wa kemisti. Ungeandika miligramu 120, hata aliyekosa sirapu angelazimika kupiga hesabu. Wewe unajua dawa yako haipo dirishani. Unajua karatasi inaenda kwa mtu mwingine usiyemjua. Andika miligramu na uandike kilo za mtoto, ni maneno mawili tu.

Muuguzi alituonyesha pia kumnywesha, na mamangu alinyamaza kimya akitazama: mtoto aketishwe kichwa kimeinuka, sirinji iingie pembeni, ndani ya shavu, usukume kidogo, ameze, usukume tena. Pua isishikwe kamwe, dawa itaenda kwenye mapafu, na huyu mapafu yake tayari yana nimonia. Akitapika kabla ya nusu saa dozi inarudiwa, hiyo ni ya amoksisilini. Ya homa muulize mhudumu wa afya kwanza. Na usitie dawa kwenye chupa nzima ya maziwa, akiacha nusu hujui amekunywa nini. Alitumia dakika nne. Nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa nimeshakaa siku nzima nikisubiri mtu yeyote azitumie.

Nataka kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa zote mbili ninazo, na kikaratasi chake nimekibandika kwenye daftari. Kuna mtu hapa ameshawahi kufanya hivyo akajibiwa? Ulipeleka kwa maandishi au ulienda mwenyewe? Na ulikuwa na nini mkononi kuonyesha?

NYONGEZA: Wanaouliza jina la kemisti kwa jumbe za faragha, sitalitoa hadi nijibiwe. Ila nyote nendeni sasa hivi kabatini, mbandue hicho kikaratasi kwenye dawa ya mtoto, msome kilicho chini yake. Mimi naenda, saa mbili imefika, ni mililita 10.